Kanda Iko kwa Nani?

Majirani zangu wa Mbagala Rangi Tatu wakinisikia nikipiga gitaa jioni huniuliza muziki huo ni wa aina gani. Si dansi, wanasema, maana mtu akiinuka acheze, mapigo yanambadilikia miguuni. Si taarabu, maana hakuna wa kutunzwa. Na si singeli, maana singeli ingekuwa imekwisha mara tatu kabla wimbo wangu mmoja haujafika katikati. Mimi huwajibu kwamba ni roki, lakini roki ya watu wasio na haraka. Waingereza walioianzisha mwishoni mwa miaka ya 1960 waliiita ya progresivu, na kwa Kiswahili nadhani tungesema roki ya kimaendeleo. Neno hilo la maendeleo sisi tuliokulia Tanzania tumelisikia mno, hata limechakaa masikioni. Hata hivyo nataka kulirudia hapa, kwa sababu katika miaka hii miwili ya kurekodi tungo zangu pamoja na wenzangu watatu nimelazimika kujiuliza: maendeleo ya muziki ni yapi hasa? Ni urefu wa wimbo na ufundi wa vidole, au ni jambo jingine?

Tuanze na ufundi. Mwaka 1969 bendi ya King Crimson ya London ilitoa santuri yake ya kwanza, na mwaka 1972 bendi nyingine ya huko, Yes, ikatoa santuri ambayo upande wake mmoja mzima ulikuwa wimbo mmoja wa dakika 18 hivi. Wimbo wa namna hiyo hujengwa kama nyumba ya vyumba vingi. Unaingia barazani kwa taratibu, unapita ukumbini kwa kishindo, unakutana na chumba cha kinanda peke yake, kisha unarudi barazani umekuwa mtu mwingine. Mapigo nayo si lazima yawe manne. Yaweza kuwa matano au saba.

Kijana wa leo akisikia maelezo haya hudhani ni mambo ya Ulaya. La hasha. Atafute nyimbo za Msondo na za Sikinde za miaka ya 1970 na 1980. Wimbo unaanza polepole, waimbaji wawili au watatu wanasimulia kisa chao hadi mwisho, tarumbeta zinaitikia, kisha magitaa matatu yanaachiwa uwanja, kila moja na mstari wake, na hapo ndipo linapokuja chemko lenyewe. Nyimbo nyingi zilivuka dakika saba. Zilipochapwa kwenye santuri ndogo, ile yenye shimo kubwa katikati, wimbo ulikatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili, na msikilizaji aliinuka kugeuza santuri huku kisa kikiwa kinamning'inia. Kwa hiyo nyumba ya vyumba vingi tulikuwa nayo. Tatizo lilikuwa santuri iliyokuwa fupi.

Wala si kweli kwamba roki haikufika kwetu. Hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 1970, ilianzishwa bendi ya Sunburst iliyochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika. Mwaka 1976 ikatoa santuri yake ndefu, Ave Africa, kisha ikatoweka. Wengi wetu tuliisikia vizuri baada ya miaka 40, kampuni ya Strut ya Ulaya ilipokusanya rekodi zake zote za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya mwaka 2016.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Patrick Balisidya. Mzaliwa huyu wa Dodoma, kiongozi wa Afro 70, mtunzi wa "Harusi" ambayo mpaka leo hupigwa kwenye sherehe za watu ambao hata hawalijui jina lake, alikwenda Uswidi akashirikiana na kundi liitwalo Archimedes Badkar, yaani bafu la Archimedes. Santuri waliyoitoa mwaka 1979 iliitwa kwa Kiswahili, Bado Kidogo. Kundi lile lilikuwa la watu waliochanganya kila walichokipenda, roki, jazi, muziki wa Asia na wa Afrika, bila kuuliza kama duka lina rafu ya kuuwekea. Balisidya alifariki mwaka 2004. Kwa maoni yangu hakuna mwanamuziki wa Dar es Salaam aliyewahi kusogea karibu na roki ya kimaendeleo kuliko yeye, na jambo hilo halitajwi sana anapokumbukwa.

Nilipoanza kusoma habari za Waswidi wale niligundua jambo lililonibadilisha. Waswidi nao walitumia neno lile lile, lakini kwa mkato, "progg", na hawakumaanisha urefu wa wimbo. Kwao bendi ingeweza kupiga wimbo wa dakika tatu kwa gitaa moja, na bado ikawa ya kimaendeleo. Kilichopimwa ni nani anayerekodi, nani anayeuza, na kwa ajili ya nani. Walianzisha kampuni zao wenyewe za kurekodi, mojawapo ikiwa MNW ya Vaxholm, karibu na Stockholm, na wakajitengenezea njia zao za kusambaza santuri. Mwaka 1975, baada ya ABBA kuwapatia Waswidi ushindi wa mashindano makubwa ya nyimbo ya Ulaya mwaka uliotangulia, na mashindano yenyewe yakahamia Stockholm, wanamuziki hawa waliandaa tamasha lao mbadala mjini humo humo kupinga muziki kugeuzwa bidhaa tupu. Unaweza kuwacheka kwa ukali wao. Mimi pia ABBA nawapenda. Lakini swali lao lilikuwa zito: kanda iko kwa nani?

Swali hilo, ukilileta Dar es Salaam ya miaka ile, lina jibu refu. Bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Polisi Jazz ya polisi, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la mkoa. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na akikorofishana na uongozi aliondoka na sauti yake tu, akaacha gitaa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Studio iliyokuwa tegemeo ni ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na aliyetaka santuri alifunga safari ya Nairobi, mpaka mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Ulifunguliwa mwaka 1983.

Sitaki kuwa mwizi wa fadhila. Bila kanda zile za redio leo tusingekuwa na chochote cha kuwasikilizisha watoto wetu. Mafundi mitambo wale walirekodi bendi nzima ndani ya chumba kimoja, kwa vipaza sauti vichache, na waliyoyafanya sisi wenye kompyuta bado tunahangaika kuyafikia. Ninachosema ni kwamba mfumo ule ulimhifadhi mwanamuziki bila kumpa ufunguo wa kabati.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Baba yangu mdogo, aliyekaa Temeke karibu na Tandika, alipiga gitaa la besi kwa miaka zaidi ya 20. Katika miaka ya 1980 mfanyabiashara mmoja wa kanda alichukua nyimbo kumi za bendi yao, akawapa fedha za siku moja na chakula, akazitoa kwenye kaseti, na kaseti zile zikauzwa mpaka mikoani. Hakukuwa na karatasi. Alipokuwa mgonjwa miaka yake ya mwisho, nyimbo zile zilikuwa zikipigwa kwenye vipindi vya zilipendwa, na yeye amelala chumba cha pili akisikiliza kupitia dirisha la jirani, kwa sababu nakala yake mwenyewe hakuwa nayo. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi najulikana kila mahali isipokuwa benki." Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe. Ni tungo tatu, fupi kuliko zote ina dakika 11. Mimi napiga gitaa na kutunga sehemu kubwa. Mwenzangu wa kwanza ni mpiga dramu wa Kinondoni, aliyejifunzia kanisani, ambaye mkono wake wa kulia unaweza kuhesabu saba na wa kushoto ukahesabu nne wakakutana bila kugombana. Wa pili ni mzee wa Kigogo anayeishi Kongowe, mpiga ilimba na zeze. Wa tatu ni kijana wa Manzese, mtengenezaji wa biti za singeli, ambaye hajawahi kupiga chombo chochote cha nyuzi lakini ana masikio kuliko sisi sote.

Tunarekodi chumbani kwangu, kati ya saa sita za usiku na saa kumi alfajiri. Kabla ya hapo kuna daladala, mashine ya kusaga ya jirani, na Jumamosi kuna kigodoro. Baada ya hapo ni adhana na majogoo. Magodoro mawili tumeyasimamisha ukutani kuzuia mwangwi. Feni huzimwa, dirisha hufungwa, na kwa joto la Mbagala la mwezi wa Februari kila mmoja anatoka amelowa kama aliyetoka Kigamboni kwa kuogelea. Dramu hatukuweza kuzirekodi hapo. Tulizirekodia Kinondoni, kwenye ukumbi wa kanisa la mwenzetu, usiku tatu mfululizo, kwa vipaza sauti vinne.

Tatizo lililotuchelewesha kuliko umeme lilikuwa ilimba. Sauti za muziki wa Kigogo zinafuata mpangilio wake wenyewe, na mojawapo iko chini kidogo kuliko sauti inayokaribiana nayo kwenye gitaa. Ukivipiga pamoja, sikio la asiyezoea linadhani mtu mmoja kakosea. Kijana wa Manzese alipendekeza tuinyooshe ilimba ndani ya kompyuta. Ni kazi ya dakika chache. Mimi nikamwomba mzee ausogeze ulimi ule wa chuma, maana ukiuvuta nje sauti hushuka na ukiusukuma ndani hupanda. Mzee alikataa yote mawili. "Huu ulimi uko mahali pake, mwanangu," aliniambia. "Gitaa lako ndilo linalosafiri. Lifuate."

Tulikaa wiki tatu na jambo hilo. Mwishowe nilifanya alivyosema. Katika sehemu ile nimeacha kubonyeza nyuzi kwa vidole. Natelezesha chupa ndogo ya kioo juu ya nyuzi, ambayo inaweza kusimama popote kati ya sauti na sauti, na kinanda tumekinyamazisha kabisa. Utungo umekuwa bora kuliko nilivyouandika. Nilikumbuka kwamba hata marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa muziki huu aliyefariki mwaka 2003, alipotengeneza santuri ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada, iliyotoka mwaka 2002, ilimba na sauti yake ziliendelea kuwa Kigogo kitupu; vyombo vya umeme vilijipanga pembeni yake. Ushirikiano si kukutana katikati kila wakati. Mara nyingine ni kujua nani aliyefika kwanza.

Kijana wetu wa singeli naye alitufundisha. Singeli huenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Alichukua mdundo wa dramu wa mapigo saba, akauzidisha kasi mara mbili na kuuweka chini kabisa, ukawa kama mvua juu ya bati, na juu yake dramu ya mwanadamu inatembea taratibu. Vijana hawa hatuwathamini inavyopasa. Mburahati, eneo lililokuwa Wilaya ya Kinondoni na siku hizi liko Ubungo, studio ndogo ya Sisso ilitengeneza nyimbo ambazo kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilizikusanya na kuzitoa mwaka 2017, na baada ya hapo watengenezaji kama Bamba Pana na Jay Mitta walisikika kwenye matamasha ya Ulaya. Walianza na kompyuta za kuungaunga, bila kungoja taasisi iwanunulie vyombo. Hayo nayo ni maendeleo kwa ile maana ya Waswidi.

Lakini kompyuta haijalimaliza swali. Imelibadilisha sura tu. Zamani kanda ilikuwa kitu kizito, ukijua kabati lake unajua ilipo. Siku hizi kanda ni faili. Inaweza kuwa mahali mia moja, na bado isiwe yako. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta pia COSOTA, inatambua watu mbalimbali katika rekodi moja: mtunzi ana haki yake, mpigaji ana yake, na aliyeitayarisha rekodi ana yake. Katika bendi ya chumbani mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu, na ndiyo maana ugomvi wake ni mgumu kuuona unapokuja.

Ulikuja kwetu tulipokuwa tumemaliza utungo wa kwanza. Kampuni moja ya ng'ambo, iliyosikia dakika nne tu za sehemu ya ilimba, ilituandikia mkataba wa kurasa sita. Ilitaka rekodi zote tatu, kwa malipo ya mara moja ya dola 2,000, haki zote, dunia nzima, milele, pamoja na njia za kusambaza muziki ambazo bado hazijavumbuliwa. Nilikisoma kifungu hicho cha mwisho mara mbili.

Tulikaa kikao barazani kwangu, watu wanne. Mpiga dramu alitaka tutie saini. Mama yake alikuwa anasubiri kupasuliwa goti na fedha haikutosha. "Kaka," aliniambia, "milele ni neno la mtu aliyeshiba." Kijana wa Manzese alikuwa upande wake, biti ngapi amezigawa bure, alisema, na hii angalau ina bei. Mimi nilikataa. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Nikishakufa, mjukuu wangu akitaka kusikia vidole vyangu, ataomba ruhusa kwa nani?" Hakuna aliyemjibu, na tukawa wawili kwa wawili.

Tuliafikiana kuijibu kampuni kwamba tutawapa ruhusa ya kutoa rekodi kwa miaka mitano, kisha haki zirudi kwetu. Hawakuandika tena. Fedha za goti zilipatikana kwa njia nyingine: niliuza amplifaya yangu kubwa, na kijana akapiga vigodoro wiki mbili mfululizo akaleta alichopata bila kuhesabu mbele ya watu. Mama alipasuliwa na sasa anatembea kwa fimbo.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba mpiga dramu amekubali kuwa nilikuwa na haki. Hajakubali. Juzi tu aliniuliza, kama amplifaya ingekosa mnunuzi, ningemwambia nini mama yake? Sina jibu, na sidhani Waswidi wangekuwa nalo. Mwenye njaa akiuza kanda yake hastahili kuhukumiwa na mwenye amplifaya ya kuuza. Baba yangu mdogo na wenzake waliuza nyimbo kumi kwa chakula cha siku moja kwa sababu siku hiyo walikuwa na njaa, na mnunuzi alilijua hilo. Maana yake kulinda haki ya mwanamuziki kunaanza kabla ya mkataba, kunaanzia kwenye mfuko wa pamoja ambao mtu ataukimbilia mama akiugua. Ndiyo sababu sasa kila tukipiga mahali, sehemu moja ya malipo kati ya tano haigawiwi. Inakaa kwa mzee, ambaye hana simu ya kutumia fedha na hapendi kuombwa.

Karatasi yetu wenyewe ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Inasema rekodi ni ya watu wanne kwa mafungu sawa, utunzi ni wa aliyeutunga, na haki haziwezi kuuzwa moja kwa moja ila wote wanne wakubali. Aliyekufa anasemewa na mrithi aliyemwandika. Mzee amemwandika mjukuu wake, binti wa miaka tisa. Tungo mbili zimekamilika na ya tatu imebakiza uimbaji. Kila usiku tukimaliza kazi tunanakili mafaili kwenye diski nne ndogo, na kila mtu anaondoka na yake, Mbagala, Kinondoni, Kongowe na Manzese. Mzee hana kompyuta ya kuisomea diski hiyo. Huifunga kwenye kitambaa pamoja na ilimba, akaitia mkobani, akaenda zake kusubiri daladala la kwanza.